Umejuaje?

Juu ya meza kuna chupa kumi na mbili za mdomo mpana, zile zinazobaki siagi ya karanga ikiisha. Kila moja imefunikwa kwa kipande cha chandarua kilichobanwa kwa mpira. Ndani mna mahindi, na ndani ya mahindi mna wadudu wa rangi ya kahawia iliyokoza, wadogo kuliko punje ya mchele. Nyuma ya chupa limesimama bango lenye picha, jedwali na grafu iliyochorwa kwa kalamu za rangi. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wamevaa sare zilizopigwa pasi asubuhi hiyo hiyo, na mmoja wao ameling'ang'ania daftari ambalo jalada lake limelowa jasho la viganja. Jaji anafika. Wanamwamkia, anaitikia marahaba, anasoma kichwa cha mradi: unga wa majani ya mwarobaini dhidi ya dumuzi. Anasikiliza maelezo ya dakika tano, yaliyokaririwa vizuri, bila kumkatiza yeyote. Kisha anauliza swali moja.

"Mmejuaje kuwa ni mwarobaini uliowaua, si vumbi tu?"

Kimya.

Swali si la hila. Dumuzi ni adui wa kweli. Asili yake ni Amerika ya Kati, na alipoingia Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa amekwisha kujulikana Tabora, alitafuna maghala kwa kasi ambayo wakulima walikuwa hawajawahi kuiona kwa fukusi wa kawaida. Wakampa jina la lori: Scania. Mwarobaini nao una sifa yake ya kale katika kuhifadhi nafaka. Kuwaunganisha wawili hawa katika mradi wa shule ni jambo la busara, na ndiyo maana miradi ya aina hii imezoeleka mno katika maonesho ya sayansi ya shule.

Ila mwili wa mdudu umefunikwa na utando mwembamba wa nta unaozuia maji yasimtoke. Unga wowote laini na mkavu unaweza kuukwaruza utando huo au kuunyonya, na mdudu akakauka hadi kufa. Bibi anayechanganya mahindi na majivu anautumia ujuzi huo kila mwaka bila kuwa na haja ya neno la kitaalamu. Basi kama vijana hawa wana chupa za aina mbili tu, zenye unga wa mwarobaini na zisizo na unga wowote, tofauti waliyoiona inaweza kuwa kazi ya mwarobaini, na inaweza kuwa kazi ya vumbi. Majaribio yao hayawezi kuzitenganisha.

Zinahitajika chupa za aina ya tatu: majani ya mti usiosifika kwa sumu, tuseme mwembe, yaliyokaushwa na kusagwa kwa ulaini uleule na kupimwa kwa uzito uleule. Zinahitajika chupa kadhaa kwa kila aina, maana chupa moja inaweza kuwa na mahindi yaliyokuwa na unyevu, au wadudu waliozeeka, na ikadanganya peke yake. Inahitajika subira ya kumwaga kila chupa kwenye sinia jeupe, siku ya 7 na siku ya 14, na kumgusa kila mdudu kwa ncha ya unyoya, kwa sababu aliyezimia na aliyekufa hawatofautiani kwa macho. Yote haya hayagharimu hata shilingi moja zaidi ya bei ya mahindi. Yanagharimu muda, na yanagharimu ujasiri wa kuandika namba usiyoipenda.

Mtihani wa taifa utamuuliza mwanafunzi huyu ataje sehemu za mdudu, au aeleze maana ya kundi la kulinganishia. Atapata alama zake akijibu kama kitabu kinavyosema. Mezani kwa jaji hakuna kitabu kinachosema. Jibu liko ndani ya daftari lile lililolowa jasho, au halipo kabisa.

Mashindano haya ya sayansi ya shule yalipata sura yanayojulikana nayo leo nchini Marekani. Mwaka 1950 wanafunzi 30 walikutana Philadelphia kwa maonesho ya kwanza ya taifa zima. Mwaka 1958 nchi nyingine zikaanza kushiriki, na maonesho hayo, yanayoitwa sasa ISEF, yakakua hadi kuwa makubwa kuliko yote ya ngazi ya sekondari duniani. Lakini njia iliyofika Dar es Salaam ilizunguka kupitia Dublin.

Mwaka 1963 wanafizikia wawili wa chuo kikuu cha UCD cha Dublin, Tony Scott na padri Tom Burke, walikuwa New Mexico, na huko wakakuta maonesho ya sayansi ya wanafunzi. Waliona watoto wa shule wakieleza kazi za mikono yao wenyewe mbele ya watu wazima, na watu wazima wakiwasikiliza kweli. Ayalandi ya wakati huo ilikuwa nchi ya kukariri, na somo la sayansi lilikuwa la ubao na chaki kwa sehemu kubwa. Wawili hao wakarudi na wazo hilo. Mwaka 1965 maonesho ya kwanza yakafanyika Mansion House, jumba la meya wa Dublin, yakiwa na washiriki 230. Hayajakoma tangu hapo, na kila Januari wanafunzi wa nchi nzima hujazana Dublin na mabango yao.

Katika miaka yote hiyo kuna washindi wawili wanaostahili kuzungumziwa kwa kina, kwa sababu hadithi zao zinaonesha pande mbili za swali la jaji.

Wa kwanza ni Sarah Flannery, msichana wa miaka 16 kutoka Cork, aliyeshinda mwaka 1999. Mradi wake ulihusu kuficha ujumbe kwa hesabu. Njia iliyotumika zaidi wakati ule, RSA, hudai kuzidisha namba kubwa mno mara nyingi mno, na kompyuta huchukua muda. Yeye alitumia matriksi ndogo za safu mbili kwa mbili, na njia yake, aliyoiita Cayley-Purser, ilifanya kazi hiyo kwa kasi kubwa zaidi. Magazeti yakamvamia. Ikasemwa kwamba atakuwa tajiri, kwamba benki zote zitamhitaji. Kisha, katika kuichunguza njia hiyo kwa undani, ukaonekana ufa: mtu mwenye taarifa zilizo wazi kwa kila mtu angeweza kuvunja kufuli lake. Flannery hakuuficha ufa huo. Aliuandika mwenyewe na kuuongeza kwenye andiko lake, hatua kwa hatua, ili yeyote aone jinsi kufuli linavyovunjika. Mwaka huohuo wa 1999 akashinda pia mashindano ya vijana wanasayansi wa Umoja wa Ulaya. Kuna watafiti wenye mvi ambao hawajawahi kufanya alichofanya binti huyu.

Wa pili ni watatu: Ciara Judge, Emer Hickey na Sophie Healy-Thow, wa shule ya Kinsale, pia katika kaunti ya Cork. Emer alikuwa bustanini na mama yake alipong'oa mmea wa njegere na kukuta vinundu kwenye mizizi. Alidhani ni ugonjwa. Mkulima yeyote wa maharage au kunde anavijua vinundu hivyo. Ndani yake hukaa bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuilisha mimea. Wakati huohuo darasani walikuwa wanajifunza juu ya njaa iliyoikumba Pembe ya Afrika. Wakajiuliza: bakteria hawa hawaishi na nafaka, lakini je, mbegu ya shayiri au oti ikilowekwa nao, itaota mapema zaidi?

Swali lenyewe ni dogo. Ukubwa wa kazi yao uko kwenye namba. Walipima mbegu zaidi ya 10,000, nyingi zikiwa zimetandazwa nyumbani, wakihesabu zilizoota na zisizoota, zilizolowekwa na zisizolowekwa. Mbegu zilizopata bakteria ziliota kwa kasi zaidi, mpaka nusu ya muda ikaokolewa katika baadhi ya majaribio, na mavuno ya shayiri yakapanda. Walishinda Dublin mwaka 2013, wakashinda Ulaya mwaka huohuo, na mwaka 2014 wakatwaa tuzo kuu ya Google Science Fair. Jaji aliyewauliza wamejuaje alipewa mbegu maelfu kwa maelfu kuwa jibu.

Mwaka 2011 mwalimu Mtanzania, Gozibert Kamugisha, na mwenzake wa Ayalandi, Joseph Clowry, walianzisha Young Scientists Tanzania kwa mfano huohuo wa Dublin. Maonesho ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Dar es Salaam mwaka 2012. Wanafunzi huja na miradi kutoka Bara na Zanzibar, wengine wakiwa wamesafiri kwa basi usiku kucha na chupa zao mapajani, maana chupa yenye wadudu hai haiwekwi kwenye buti. Washindi wa jumla hupata nafasi ya kwenda Dublin, na taasisi ya Karimjee Jivanjee imekuwa ikiwapa ufadhili wa masomo ya chuo kikuu. Kwa familia isiyojua ada ya mwaka wa kwanza itatoka wapi, zawadi hiyo ina uzito kuliko kombe lolote.

Kenya ilikuwa na mila yake kabla ya hapo. Kwa miongo mingi shule za sekondari zimeshindana katika kongamano la sayansi ambalo leo linaitwa Kenya Science and Engineering Fair, likipanda ngazi kwa ngazi: kaunti ndogo, kaunti, mkoa, hadi taifa. Mwaka 2018 likaongezeka la pili, Young Scientists Kenya, tawi jingine la mti uleule wa Dublin, lililoanzia jengo la KICC jijini Nairobi.

Anayezunguka kati ya meza hizi kwa siku nzima huona mambo yanayotia moyo na mengine yanayokera, na yanayokera yasemwe wazi, kwa sababu yanarekebishika.

Kuna mradi wa mwalimu. Unajulikana mara moja: bango limechapwa kwa rangi mjini, kichwa chake kina maneno ambayo mtoto hawezi kuyatamka bila kusita, na kila swali linajibiwa kwa sentensi ileile iliyokaririwa. Mwalimu mlezi amesimama hatua nne nyuma, midomo yake ikitembea pamoja na ya mwanafunzi. Mwalimu huyu si mtu mbaya. Anaitaka shule yake ishinde, mkuu wa shule ametoa nauli, na wazazi wanasubiri habari. Lakini mtoto amenyimwa kitu kimoja alichokuja kukipata, nacho ni nafasi ya kukosea kwa akili yake mwenyewe.

Kuna pia ugonjwa wa neno "uvumbuzi". Wanahabari hulipenda, wageni rasmi hulipenda zaidi. Kamera hukimbilia meza yenye kitu kinachowaka taa au kutoa mlio: fimbo ya mtu asiyeona yenye kihisi cha mwangwi, kengele inayolia gesi ikivuja, tangi linalozima pampu likijaa. Vifaa hivi vina faida yake. Tangu bodi ndogo ya Arduino ilipotengenezwa Italia mwaka 2005, mwanafunzi anayeweza kufika kwenye maduka ya vipuri vya umeme anaweza kuunda kifaa ambacho zamani kilihitaji maabara ya chuo. Tatizo ni kwamba fimbo mara nyingi huletwa ukumbini kabla haijashikwa na hata mtu mmoja asiyeona. Inaanza kulia kwenye umbali gani? Inalia mbele ya ukuta. Je, inalia mbele ya shimo? Watu kumi wameijaribu, wangapi walijikwaa? Kifaa kisichopimwa ni pendekezo tu, hata kikiwaka taa za rangi zote. Na meza ya pembeni, ambapo binti wawili wamepima maji ya visima sita vya kijiji chao kila wiki kwa miezi mitatu, inapitwa kwa sababu haina mlio.

La tatu ni lugha. Sekondari za Tanzania hufundisha sayansi kwa Kiingereza, kwa wanafunzi ambao wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Basi anasimama mtoto mbele ya jaji, anaeleza kwa Kiingereza, anakwama kwenye kitenzi, anarudi mwanzo wa sentensi, anakwama tena palepale. Anayemtazama angedhani hajui kitu. Jaji mwenye busara husema, "Nieleze kama unavyomweleza mama nyumbani." Mabega yanashuka. Mikono inaanza kutembea. Anaeleza jinsi walivyoanika majani uvunguni mwa kitanda kwa sababu bweni lilikuwa na mbuzi nje, jinsi mzani wa maabara ulivyokuwa unaongeza gramu mbili na wakalazimika kuzitoa kila mara, jinsi chupa namba tisa ilivyopasuka na wakaamua kuiandika kuwa imepasuka badala ya kubuni namba yake. Hapo ndipo jaji anapata mradi wote, na hapo ndipo alama zinapostahili kutolewa. Kumpima mtoto sarufi katika ukumbi wa sayansi ni kumwibia.

Upo pia upande wa mashine tupu, ambako hoja haijadiliwi mezani bali uwanjani. Mwaka 2017 mvumbuzi wa Marekani Dean Kamen aliandaa jijini Washington mashindano ya kwanza ya FIRST Global, yakizikutanisha timu za vijana kutoka nchi zaidi ya 150. Kila nchi ilipewa sanduku la vipuri vya aina moja, na roboti zilikusanya mipira ya bluu na ya machungwa, mfano wa maji safi na maji machafu. Usawa wa sanduku ni jambo zuri. Nje ya sanduku hakukuwa na usawa: wasichana wa Afghanistan walinyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa, na vijana sita wa Burundi walitoweka baada ya mashindano kwisha, wawili kati yao wakionekana wakivuka kwenda Kanada. Roboti yao ilirudi kuwa habari ndogo ndani ya habari kubwa. Yeyote anayewaandaa vijana wa ukanda huu kwa safari kama hizo anajua kwamba begi la mtoto hubeba zaidi ya vipuri.

Turudi mwaka 1963, mwaka uleule Scott na Burke walipokuwa New Mexico. Huko Lushoto, katika shule ya Magamba, wavulana walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa finyu na wavulana wengi. Erasto Mpemba, kidato cha tatu, aliona mwenzake akiwahi kuingiza maziwa ambayo hakuyachemsha kabisa. Akaogopa kukosa nafasi, akaingiza yake yakiwa bado ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu. Akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga akamwambia kwamba yeye huweka mchanganyiko wa moto kwa makusudi, ili uwahi kuganda. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, haimo katika fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakalifanya neno la utani. Akikosea hesabu, wakasema ni hisabati ya Mpemba. Yeye akaingia maabara ya biolojia alipoikuta wazi, akachukua bika mbili, moja yenye maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, na akaziweka kwenye friza. Hakukuwa na maonesho ya kumpa meza wala jaji wa kumsikiliza.

Jaji wake alifika kwa bahati. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alikuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akasimama na kuuliza swali lake mbele ya wote. Ukumbi ukacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi Dar akajaribu kweli. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education, mwanafunzi na mhadhiri, majina yao bega kwa bega.

Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ikatangaza shindano la kulieleza jambo hilo la maji ya moto kuwahi kuganda, na maandiko zaidi ya 22,000 yakatumwa kutoka pande zote za dunia. Mwaka uliofuata Mpemba mwenyewe, wakati huo mtu mzima aliyekwisha kufanya kazi ya maisha katika wanyamapori, alilitangaza jina la mshindi: Nikola Bregović wa Kroatia. Na bado shauri halikufungwa. Mwaka 2016 watafiti wawili, Henry Burridge na Paul Linden, walirudia vipimo kwa uangalifu na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto huwahi kupoa. Wakaonesha kwamba ukikihamisha kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya bika, juu kidogo au chini kidogo, unaweza kupata namba zinazomuunga mkono Mpemba au zinazompinga. Wengine wamewajibu, na vipimo vinaendelea.